Kopo Namba Mbili

9 Februari

Mpwa wangu,

Kwa taadhima kubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu, nawatangazia ndugu wote, walio karibu na walio mbali, kwamba miwani yangu imepatikana. Ilipotea siku kumi na moja. Ilikuwa ndani ya gunia la mpunga nililolishona mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nikilalamika kwamba siioni sindano. Sherehe hazitakuwepo.

Tukitoka hapo, sisi hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo asubuhi, halafu anapata mtu wa kumgombeza na kikohozi kinaisha. Binti yako, Mheshimiwa, ametimiza miezi kumi na moja na sasa ndiye anayeendesha nyumba. Akinyoosha kidole, watu wazima wawili wanasimama. Ile karatasi uliyoibandika ukutani jikoni kabla hujaondoka, "Uji wa mchele, asubuhi na jioni", bado ipo, na mama yako huipangusa vumbi kama picha ya ukumbusho. Asubuhi na jioni mimi niko mashineni nakoboa mpunga wa watu, kwa hiyo ulaji wenyewe siuoni. Lakini nikirudi nikimuuliza kama mtoto amekula, hunijibu, "Bakuli si hilo hapo?" Na kweli bakuli ni tupu. Mtoto ananenepa. Kuku wa mama yako nao wamenenepa, siku hizi wanatembea kama wajumbe wa kamati waliotoka kula.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi mmoja na mizani mpya inayoandika namba kwa taa. Unajua nilivyo na mizani ya wageni. Nilimpimisha gunia, nikalizungusha nyuma ya mashine, nikamletea tena kama gunia jingine. Mara ya kwanza kilo tisini na moja, mara ya pili themanini na tisa. Nikamwambia, "Bwana, gunia langu limekonda likiwa njiani kutoka ule mlango hadi huu." Aliondoka bila kuaga.

Haya, mchele ulioomba huu hapa. Umesema maabara yenu inajifunza kazi mpya ya kupima nafaka na kila mfanyakazi ameambiwa alete mchele wa kwao. Uliagiza mifuko safi ya plastiki, nami nimeiweka mifuko hiyo ndani ya makopo, kwa sababu posta naijua. Kopo namba moja ni mchele wa shamba letu. Namba mbili ni wa jirani wa ng'ambo ya mfereji. Namba tatu nimenunua dukani. Letu, kama unavyokumbuka, linanyweshwa na kile kisima nilichokichimba mimi na kitabu. Kitabu kilikuwa na kurasa arobaini, kisima kina mita arobaini, na siwezi kusema ni bahati.

Ukipima utuambie tumepata ngapi juu ya ngapi.

Mjomba wako


1 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi mzima, kazi nyingi kidogo. Makopo yamefika yote, hakuna hata punje iliyomwagika. Nimefurahi kwa ajili ya miwani.

Nilikuwa nauliza, Mheshimiwa anakula uji mara ngapi hasa? Mara mbili, au siku nyingine mara tatu? Bakuli ni lile dogo la bluu au lile jeupe? Na wali anapewa?

Halafu kuna namna ya kupika tunayoisikia hapa. Mchele unaoshwa mpaka maji yatoke safi, unapikwa kwa maji mengi, vikombe sita kwa kimoja, ukiiva maji yanamwagwa. Mwambie mama ajaribu. Ni utafiti tu.

Vipimo bado vinaendelea. Mtoto ana uzito gani sasa?

Msalimie mama.

Mpwa wako


16 Machi

Bibi Chupa,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa na mistari kumi na sita, maswali matano, na mzaha hata mmoja hakuna. Nimeigeuza nione kama mzaha uko nyuma.

Kwanza za nyumbani. Mheshimiwa ana meno sita, na ameyajaribu kwenye mkono wangu wa kulia. Bakuli ni la bluu. Uzito wake nimeupima kwenye mizani ya mashine, ndani ya karai. Kilo kumi na robo, karai limetolewa. Paa la mashine linavuja pale pale.

Pili, nilimfikishia mama yako ujumbe wa kumwaga maji. Alikuwa ameinama anapuliza moto. Akanyanyuka taratibu, nikajua siku imeharibika.

"Nimwage maji ya wali?"

"Ndivyo anavyosema."

"Nimepika wali yeye akiwa hajui kujifuta kamasi. Leo anifundishe kumwaga?"

"Anasema ni utafiti, dada."

"Basi aje afanye utafiti wa kuosha masufuria. Yako pale."

Kwa hiyo jibu la utafiti wako ni hilo. Nililiandika nikiwa nimesimama mlangoni, upande wa nje.

Sasa mimi na wewe. Unaweza kumpiga chenga mama yako kwa sababu anakuamini. Mimi nimekulea kidogo na nakujua. Ukiwa mtoto ulivunja taa ya mezani, ukanijia kuniuliza kama nimekula, kama nimelala vizuri, kama mguu umepona. Umeuliza habari za bakuli la mtoto kwa namna ile ile.

Katika barua ya Januari, ulipoomba mchele, uliandika kwamba kinachopimwa ni "aseniki", ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya mwenye mbwa. Nimeitafuta kwenye kitabu changu kikubwa, kile kisicho na jalada. Kinasema: sumu, hutumika kuua panya. Halafu ukurasa umeliwa, na panya, bila shaka.

Usinipigie simu. Simu ya mama yako inasikilizwa na nyumba nzima na wapita njia. Niandikie, na uandike kama unavyojua kuandika.

Mjomba


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara, nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini kwa sababu asidi ilikuwa jikoni. Tunasema "jikoni" ingawa hakuna anayethubutu kuonja.

Vifaa vyangu havijambo, chumba changu hakijambo, mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ambayo sijui nikuelezeje. Ya salamu yamekwisha.

Ni kweli, nimekuficha. Hizi hapa namba. Zinahesabiwa kwa mikrogramu ndani ya kilo moja ya mchele, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa vipande milioni. Mchele wa duka una 110. Mchele wetu una 290.

Nilipima mara tatu. Nilibadilisha asidi, nikaosha vyombo upya, nikapima maji matupu nione kama mtambo ndio unaota. Hauoti.

Lakini nisikilize, Mjomba, usiweke barua chini. Namba hiyo ni jumla. Aseniki si kitu kimoja. Kuna iliyo tupu, tuseme ya uchi, na hiyo ndiyo mbaya, mtu akiila miaka mingi inamdhuru, na mtoto zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Na kuna iliyofungamana na kaboni, tuseme imevaa nguo. Hiyo mwili huitoa kwa urahisi zaidi, madhara yake ni madogo sana kulinganisha. Kiwango tunachofuata hapa kwa chakula cha watoto wadogo ni 100, na kinahesabu ya uchi peke yake.

Sasa mimi, ili nipate jumla, nimechemsha mchele ndani ya asidi kali mpaka kila kitu kikaachana. Ni kama kuhesabu watu uwanjani kwa kuwavua nguo wote. Idadi unaipata, lakini hujui nani alikuja amevaa nini. Inabidi nianze upya, kwa asidi nyepesi na moto wa upole, nisimvue mtu, halafu niwapitishe kwenye mrija wa kutenganisha. Na mrija wetu umeziba. Mwingine umeagizwa. Umeagizwa tangu Februari.

Kuna jambo la pili. Kopo namba mbili, la jirani, lina 287. Karibu sawa na letu. Maana yake si shamba letu peke yake, ni maji au udongo wa bonde zima. Mkuu wa maabara ameniambia tuandike barua kwa wakuu wa maji. Rasimu iko mezani kwake.

Usimwambie mama. Tafuta namna uji usimame. Karatasi ile niliiandika mimi, Mjomba. Niliibandika kwa mkono wangu. Miezi yote hii niko huku nasoma namba za vyakula vya watoto wa wenzangu, na wangu nimemwandikia hicho, asubuhi na jioni.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu,

Sitaanza na salamu, ingawa zipo na zote ni njema. Nina mambo mawili ya kukiri, na nisipoyasema katika ukurasa huu wa kwanza nitaanza kukuhadithia habari za paa.

La kwanza. Kopo namba mbili si la jirani. Ni letu. Gunia lile lile, mkono ule ule, mimi ndiye niliyechota. Nilitaka kuona kama mtambo wenu unajua kazi. Ndivyo ninavyowafanyia wote wanaokuja na mizani, nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, sikuona kwa nini maabara iachwe. Nilipanga nikutanie mkileta majibu. Badala yake nimekutengenezea bonde zima lenye sumu. Wazuie hao wanaoandikia wakuu wa maji. Jirani mwenyewe hajui kama yumo kwenye rasimu. Jana amenipungia mkono kutoka ng'ambo ya mfereji nikajifanya natafuta kitu ardhini.

La pili ni zito kidogo. Kama si bonde zima, basi ni shamba letu. Na shamba letu lina kitu kimoja ambacho mengine hayana. Kisima. Watu waliniambia, acha, ita wenye mitambo wapime kwanza ardhi. Nikawaambia mimi nimesoma. Nilisoma kweli, kurasa arobaini. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandika habari za aseniki, au ulikuwepo nikauruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye picha ya pampu. Miaka tisa nimewalisha mpunga huo. Mama yako amekula, wewe umekula, na sasa huyu. Nimefunga pampu juzi. Nimeiambia familia kwamba imeungua. Shamba linakauka na mimi nalitazama.

Uji nimeusimamisha kwa hila. Nilimwambia mama yako mashine imevunjika jino na mchele wetu hautakobolewa kwa muda. Nimempelekea gunia la mchele wa duka, wenye namba ndogo. Nilitegemea vita. Akalitazama gunia, akalitazama tena, akasema, "Kama ni huo, ni huo," akaenda zake. Imenitia wasiwasi kuliko kama angenipiga na mwiko. Jioni bakuli la bluu lilikuwa tupu kama kawaida.

Ugumu ni kwamba mashine inasikika hadi nyumbani. Nakoboa mpunga wa watu huku mama yako akijua imevunjika. Nimemweleza kwamba jino lililovunjika ni la upande wetu.

Nakutumia kopo la jirani, la kweli safari hii. Nilimwomba mwenyewe, akajaza mpaka juu, akaniuliza ni la nini. Nikasema la mpwa wangu. Akasema, "Basi subiri niongeze." Na chupa mbili za maji ya kisima, nimezisuuza kwa maji hayo hayo mara tatu kama unavyofundisha.

Mheshimiwa anasimama akishika ukuta. Anashikilia pale pale chini ya karatasi yako.

Mjomba


11 Mei

Mjomba!

Shikamoo, ingawa leo nimeitoa kwa shida.

Nilisoma barua yako mbele ya mkuu wa maabara kwa sababu ilibidi. Ni mtu asiyecheka. Watu huku wanasema alizaliwa amevaa koti jeupe. Nikamwambia, "Mzee, kopo la kwanza na la pili ni gunia moja. Mjomba alikuwa anatupima." Akavua miwani. Akasema, "290 na 287?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ulikuwa hujui?" Nilikuwa sijui. Akavaa tena miwani, akasema, "Tumewapa wataalamu kazi ya kutukagua mwaka mzima, hakuna aliyefanya jambo la maana kama huyo. Ni nani?" Nikasema ni mwenye mashine ya kukoboa. Akachukua ile rasimu ya wakuu wa maji, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Nadhani ana mpango wa kuitunza.

Kwa hiyo namba zetu ni za kweli. Hilo umelithibitisha wewe. Laiti zingekuwa za uongo.

Mjomba, habari za kisima sitakujibu leo. Sijapima maji. Nikisema usijali nitakuwa nakudanganya, na nikisema ujali nitakuwa nakuonea. Subiri.

Mrija umefika forodhani. Wanauliza ni kitu gani. Nimewaandikia karatasi tatu.

Mtoto amepata kukohoa? Amepungua? Niambie hata kama ni kidogo.

Mpwa wako


2 Juni

Bibi Chupa,

Hajakohoa. Hajapungua. Kilo kumi na moja na nusu, karai limetolewa. Ametembea hatua nne Jumanne, ya tano akaamua kukaa, akatutazama kama vile sisi ndio tulioanguka.

Huku kwetu shamba limepasuka nyufa za kuingia kidole. Halafu nikawaza, mpunga haujafanya kosa, nikafungulia pampu siku mbili, nikafunga tena wiki. Nafungua na kufunga kama mtu asiyejua kama ana kiu. Jirani amekuja kunipa pole ya pampu kuungua. Amekuja na fundi wake. Ilibidi nimwambie fundi kwamba imeungua kwa ndani, mahali pasipofikika.

Mama yako siku moja aliniuliza, "Wewe na huyo binti mnaandikiana nini kila mwezi?" Nikasema habari za mchele. Akasema, "Mchele una habari gani?" Akanitazama sana, nikadhani na yeye ana la kusema, lakini akawaita kuku.

Sikuulizi. Nakukumbusha tu kwamba posta ya huku bado ipo.

Mjomba


23 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu weka akiba.

Kaa chini kwanza. Kama uko mashineni, zima.

Mrija ulifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Fundi wa mitambo akaufunga, ukavuja, akaufunga tena. Ijumaa asubuhi nilianza na mchanganyiko ninaoujua, nione kila aina inatoka dakika ya ngapi. Nikuelezee ilivyo. Ule mrija ni kama ukumbi mwembamba uliojaa watu wa kusalimia, na wageni wote wanaingia kwa pamoja mlango mmoja. Yuko asiyejuana na mtu, anapita moja kwa moja na kutoka wa kwanza. Wengine wanashikwa mikono njiani. Na yuko mmoja anasalimia kila kiti, anatoka wa mwisho. Nje ya mlango kuna moto mkali kupita kiasi na mashine inayohesabu kila anayetoka. Kwenye skrini kila kundi linachora mlima wake. Wa kwanza kutoka na wa mwisho kutoka ndio wa uchi. Wa katikati wamevaa.

Nikaingiza mchele wetu. Nikakaa na mikono chini ya mapaja.

Mlima wa kwanza ukaanza. Ukapanda, ukageuka, ukashuka. Mdogo, Mjomba. Kichuguu. Halafu wa katikati ukaanza kupanda, ukapanda, ukapanda, skrini ikabidi ibadilishe kipimo ili utoshe. Nikaanza kucheka peke yangu. Wa mwisho nilimngoja dakika nyingi, akaja kama mkunjo wa nguo tu.

Kwa namba: waliovaa 222. Wa uchi, wa kwanza na wa mwisho pamoja, 62. Ukijumlisha ni 284, na jumla ya mwanzo ilikuwa 290, maana yake karibu hakuna aliyetupotea njiani. Kopo namba mbili nimelipima vilevile, mkuu amekataa liachwe: wa uchi 61. Jirani wa kweli ana 55.

Sitakuambia mchele wetu ni asali. Ukivaa nguo hugeuki malaika, na sisi wapimaji hatupendi kuona jumla kubwa. Lakini kwa mtoto kiwango ni 100, na tuko 62. Amekula kitu ambacho ningempa mtoto wa mtu mwingine bila kusita. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu Ijumaa.

Sasa kisima. Maji yako yana mikrogramu 2 kwa lita. Ya kunywa yanaruhusiwa mpaka 10. Mjomba, kisima chako ni kisafi kuliko bomba la maabara yetu, ambalo nalo nimelipima kwa wivu. Aseniki imo kwenye udongo wenyewe, ilikuwamo kabla hujazaliwa. Shamba likifurika maji muda mrefu, mpunga unaivuta. Na wanaoivalisha nguo ni vijidudu vya kwenye tope. Dawa yake ni kuliacha shamba likauke siku chache katikati ya msimu, halafu kulinywesha, halafu kulikausha tena kidogo. Yaani kile ulichokuwa ukikifanya kwa hofu. Endelea nacho kwa makusudi.

Jambo moja linanichekesha na kuniuma. Mchele wa duka, wenye jumla ya 110, ule uliompelekea mama kwa hila: wa uchi ni 84. Bado uko chini ya kiwango, usishtuke. Lakini jumla yake ilikuwa ndogo na sisi tukaikimbilia, kumbe wengi wao walikuja bila nguo. Tulimtoa mtoto kwenye 62 tukampeleka kwenye 84 na tukajiona tumemwokoa.

Rudisha mchele wetu. Mashine ipone jino. Mwambie mama kila kitu, msomee yote, anigombeze nikija. Nimepewa likizo ya wiki tatu mwezi wa nane. Uji wa kwanza nitampikia mwenyewe.

Mpwa wako


8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba tatu, moja ya akiba.

Niliisoma barua yako nimesimama, kwa kuwa kiti cha mashineni kilikuwa na mteja. Nilipofika penye habari za kisima niliondoka, nikaenda nikafungua pampu, nikaingiza kichwa chote chini ya bomba. Mteja alinifuata akauliza kama naumwa. Nikamwambia, "Mbili kwa lita." Akasema pole.

Jirani nimempelekea salamu za 55. Hakuelewa, lakini amefurahi kunishinda.

Kisha nikaenda kwa mama yako na barua zote mkononi, zako na nakala nilizojiwekea za zangu, kwa mpangilio wa tarehe. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha jikoni, sufuria mapajani, anamenya. Mheshimiwa alikuwa chini, anakula kitu kwa mikono miwili. Nikamsomea kuanzia Februari. Sikuruka. Nilisoma kopo namba mbili, nikasoma jino la mashine, nikasoma pampu. Hakunyanyua kichwa. Nilipofika kwenye mlima wa katikati sauti yangu ilifanya mambo ambayo sikuiruhusu. Nikamalizia, "Kwa hiyo dada, uji ule haukumdhuru. Miezi yote hii, asubuhi na jioni, haukumdhuru."

Kisu kikasimama.

"Uji upi?"

"Wa mchele. Anaokula."

"Kwani nani kakwambia anaula?"

Nikamwonyesha karatasi ukutani. Akaitazama kama anaisoma mara ya kwanza.

"Imesema uji, nimepika uji. Kila siku nimepika. Alitema siku ya kwanza, akatema ya pili, ya tatu akanirushia bakuli."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto kaukataa uji wa mama yake? Angeiacha hiyo kazi siku hiyo hiyo, angekuwa hapa na mizigo kabla jua halijazama. Mimi simjui?" Akarudi kumenya. "Nimemwambia mtoto anakula vizuri. Si anakula vizuri?"

Nikamtazama Mheshimiwa. Nikatazama nje, penye wajumbe wa kamati.

Basi, mpwa wangu, ukija mwezi wa nane usijisumbue kupika. Mtoto anakula viazi. Uji wanakula kuku.

Mjomba wako